Nukta Zangu na Mkono wa Somoe

Mwalimu Neema, binti aliyepokea darasa langu la kwanza nilipostaafu mwezi wa sita, ameniomba niandike kumbukumbu za kazi ili walimu wageni wa hapa Magomeni wazisome. Alisema niandike mafanikio. Nimekaa na daftari hili wiki tatu. Mafanikio yapo, msidhani sina, lakini kila nikianza kuyaandika kalamu inakwenda kwa mtoto mmoja wa kike, na nimeona bora nimtoe kifuani kwanza. Mkitafuta humu nilipandishwa daraja lini, mtaniwia radhi. Karatasi hizo ziko kwenye faili langu, na mende wameshazisoma zote.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili, shule ya kijiji, ndani ndani huko upande wa Mpapura. Nilifika na sanduku la bati, godoro la sufi, na cheti cha ualimu nilichokizungushia nailoni mara mbili mvua isije ikanifanya mjinga. Mwalimu mkuu akanipa darasa la kwanza: watoto themanini na wawili, madawati tisa. Ofisini walicheka. Darasa la kwanza, waliniambia, hupewa mgeni au mwenye makosa.

Aliyekuwa akilishika darasa hilo ni Mzee Livanga, ambaye alibakiza mwaka mmoja kustaafu. Hakupita chuo cha ualimu kama mimi. Alimaliza la saba, akafundishwa kazi hapo hapo kijijini. Nilimwona mtu wa ajabu, kwa sababu hakuwa anakaa kwenye kiti. Alitambaa kati ya watoto kwa magoti, toka asubuhi hadi kengele, na suruali yake ilikuwa imepauka magotini kwa vumbi la chaki. Mtoto akishika penseli, yeye anapiga goti nyuma yake, anaushika mkono, wanaandika wote wawili. Kisha anauachia na kuutazama unavyokwenda.

Siku ya pili aliniambia, "Binti, usitazame daftari. Daftari lina uongo. Tazama nkono."

Nikamwitikia kwa adabu, "Ndiyo, mzee." Moyoni nikasema, mzee huyu kachoka. Mimi nilikuwa na cheti, na sketi mbili tu za kazini. Sikuja Mpapura kuzimaliza sakafuni.

Alipoondoka nikafanya mambo yangu. Nitawaeleza, maana ufundi wenyewe ulikuwa mzuri na hauna hatia. Nilichukua karatasi ya manila, nikachora herufi kubwa, kisha nikaitoboa kwa sindano ya kushonea magunia, tundu baada ya tundu, kuifuata herufi. Nikitaka kuandika ubaoni, naibandika manila, naipigapiga kwa kitambaa kilichofungwa unga wa chaki. Ukiibandua unakuta herufi ya nukta, safi kama imepigwa chapa. Watoto wanakuja mmoja mmoja kufuatisha nukta kwa chaki. Kwenye madaftari nilikuwa naweka nukta kwa kalamu, kitabu kwa kitabu, nyumbani, mpaka kidole cha shahada kikaota sugu. Sugu hiyo ninayo bado. Niliwahi pia kujaribu kuwapa korosho waumbe herufi juu ya dawati. Msijaribu. Korosho ya ganda ikiingia mdomoni mwa mtoto inaunguza, na siku hiyo mama zao walinitembelea kwa wingi.

Basi nukta zikanipa jina. Mratibu wa elimu wa kata akaja akaona madaftari, akasifu. Walimu wa shule za jirani wakaja kuazima manila zangu. Na mimi sifa zikanilevya. Shule nyingine zilifuatisha nukta wiki kadhaa, kisha zikaziondoa mtoto aandike mwenyewe. Mimi nilizibakiza miezi, kwa sababu mtoto akiandika bila nukta daftari linachafuka, na nilikuwa nalipenda daftari safi kuliko nilivyompenda mwenye daftari. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuisema kwa namna nyingine.

Mwaka wa sita wa kazi yangu, Januari, akaja Somoe. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, mkimya, ushungi mweupe umebanwa kidevuni kwa pini. Baba yake, Mzee Mfaume, alikuwa mkulima wa korosho na muhogo, mtu wa dini aliyenyooka. Alimpeleka bintiye chuoni, yaani madrasa, tangu ana miaka minne. Alipokuja kwangu mtoto alishazijua alifu na bee zamani, na jioni zote alikuwa na ubao wake wa mbao kwa maalim, anaandika kwa wino wa masizi.

Alifuatisha nukta zangu vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kufundisha. Mstari haukutoka nje hata kidogo. Wenzake walitoboa karatasi kwa kukandamiza, yeye penseli yake ilipita juu juu kama mtu anayepaka mafuta. Nikachana kurasa za daftari lake nikazibandika ukutani, karibu na mlango, mgeni akiingia azione. Niliweka pata, alama kubwa nyekundu ya vema, kila ukurasa. Na hizo pata zote niliziweka mezani kwangu, baada ya vipindi, mtoto akiwa ameshakwenda nyumbani. Kumwona akiandika, sikuwahi.

Mwezi wa saba akaja mkaguzi wa shule, mtu mrefu wa miwani. Akazitazama zile kurasa ukutani. "Nani huyu?" Nikasema ni Somoe Mfaume, nyota wangu. Akasema, "Hebu aje aandike ubaoni. Aandike baba na mama." Nikataka kubandika manila, akanizuia. "Bila nukta, mwalimu."

Somoe akaenda ubaoni. Akasimama mwisho kabisa wa ubao, mkono wa kulia, nikashangaa anakwenda wapi. Akaanza kuandika akirudi kwetu huku kushoto. Alipomaliza, maneno yote mawili yalikuwa yamegeuka, kila herufi imempa mwenzake mgongo, kama unayatazama kwenye kioo. Na yeye akageuka, ametulia, anangoja nimsifu kama siku zote.

Darasa likacheka. Mkaguzi hakucheka. Akasema taratibu, "Mwalimu, huyu ndiye nyota wako?"

Jamani, nilitamani sakafu ipasuke. Masikio yaliniwaka moto. Na katika ule moto sikujiuliza hata swali moja la maana. Nilishajijibu: daftari hili anafuatishiwa na mtu nyumbani.

Mkaguzi alipotoka tu, nikamwita mbele. "Nani anakuandikia nyumbani?"

"Hakuna, mwalimu."

"Dada yako?"

"Mwenyewe, mwalimu. Mimi mwenyewe."

"Unaniona mimi mtoto mwenzio?"

Nikamchapa viganja vyote viwili, mbele ya wenzake. Nikambandulia kurasa zake ukutani nikazichana vipande. Nikamhamishia benchi la nyuma, walipokaa watoto ambao hawajui hata kushika penseli. Hakulia kwa kelele. Aliendelea kuniangalia, machozi yanamtoka, kama mtu anayesubiri aambiwe kosa lake. Sikumwambia. Ningemwambia nini, na mimi sikulijua?

Kesho yake akaja Mzee Mfaume na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani kwa ofisi. Akasalimia vizuri. Akasema, "Mwalimu, huyu ntoto chuoni anaandika Alhamdu yote ubaoni, peke yake, maalim anashuhudia. Imekuwaje hapa ashindwe baba na mama?"

Isomeni tena sentensi ya mzee yule. Aliniletea jibu mpaka mlangoni. Mtoto anaandika vizuri sana, ila kwa maandishi yanayoanzia kulia. Ningefikiri kwa kitambo cha kumeza mate, ningeelewa. Lakini walimu wenzangu walikuwa wanasikiliza, na fedheha ya jana ilikuwa bado mbichi. Nikasema:

"Kama anaweza huko, basi akae huko huko chuoni."

Wenzangu wakacheka. Mzee Mfaume akanitazama kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema. "Umesema wewe, nsomi." Akaenda dirishani kwa darasa langu, akamwita bintiye kwa jina, akampakia nyuma ya baiskeli. Somoe alikuwa amelishika lile daftari lenye mabaki ya kurasa. Wiki nzima sikumwona. Mwezi ulipokwisha nikaandika mtoro mbele ya jina lake, kwa wino uleule mwekundu.

Mzee Livanga, aliyekuwa amestaafu na analima pale pale kijijini, alinikuta kisimani akaniuliza habari za mtoto wa Mfaume. "Ulintazama nkono?" Nikamwambia nilitazama. Nilimdanganya mtu mzima, saa nne ya asubuhi, ndoo iko kichwani.

Miaka ikaenda. Nikahamishiwa Nanyamba, kisha mjini hapa Magomeni. Somoe nilimsahau, na mkitaka kujua mtu anasahauje jambo kama hilo, ni rahisi sana: unakuwa na watoto tisini wengine.

Kisha nikavunjika mguu. Niliteleza kwenye ngazi za ofisi, mkononi nimeshika chai, na chai nayo haikunihurumia. Nikafungwa plasta, na kwa kuwa darasa la kwanza halikuwa na mwalimu mwingine, nikarudi kazini hivyo hivyo. Kiti kilinishinda. Nikatandika mkeka sakafuni katikati ya watoto, mguu nimeunyoosha, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi macho yangu yakawa sawa na mikono yao. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi walinitekelezea kama lilivyo.

Pembeni yangu kulikuwa na kitoto cha kike kinafuatisha nukta za neno "kaka". Kikaweka penseli kwenye herufi ya mwisho, huku kulia. Kikaifuata kwa kinyume, kikahamia inayofuata kuelekea kushoto, moja baada ya nyingine, hadi kikaimaliza ile ya kwanza. Kikaniinulia daftari. Neno lilikuwa zuri, safi, halina kasoro. Usingeona mkono usingejua kitu.

"Unasoma chuo, mama?" nikakiuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Nimefika sura ya tabaraka."

Lahaula! Nilihisi baridi toka kisogoni mpaka kwenye ule mguu wa plasta. Nilimwona Somoe amesimama ubaoni, ametulia, anangoja. Na mimi nani? Mimi niliyesoma chuo Mikindani, nikaandika ubao wa masizi kama yeye, nikaja shule. Sikupotea njia kwa sababu siku ya kwanza kaka yangu alinishika mkono akaniwekea penseli upande wa kushoto. Nilisahau kabisa kwamba nilionyeshwa. Nilidhani nilizaliwa najua.

Tangu siku hiyo nikabadilika, na haya ndiyo Neema anayaita mafanikio. Nukta ya kwanza ya kila herufi niliitia rangi nyekundu, mtoto aanzie hapo. Chini yake niliweka mshale. Kila mtoto nilikaa naye sakafuni mpaka niuone mkono wake unatembea, na nukta niliziondoa mapema, madaftari yachafuke yatakavyo. Wazazi niliwauliza siku ya kuandikisha: mtoto anasoma chuo? Anaandika tayari? Mtoto wa chuo ana mkono uliokomaa, jamani, anawatangulia wenzake akionyeshwa tu pa kuanzia. Sketi zangu zilipauka magotini kuliko suruali ya Mzee Livanga.

Nikaitwa kwenye semina kueleza. Hapa ndipo aibu yangu inapozidi, kwa hiyo sitapafupisha. Nilisimama mbele ya walimu nikasimulia habari za mtoto wa Mpapura aliyeandika baba na mama kinyume. Nilisema, "Kulikuwa na mwalimu mmoja." Niliieleza ile fimbo, na yale maneno kwa baba yake, na walimu wakasikitika, wakasema huyo mwalimu hafai hata kuchunga mbuzi. Nikasikitika pamoja nao. Wakanipigia makofi. Nilisimulia hivyo semina tatu, na zote tatu nilikuwa mwalimu mmoja.

Na Mpapura sikwenda. Mpapura si Ulaya, unaondoka asubuhi na jioni umerudi. Mwanzo nilisingizia mguu. Mguu ukapona. Nikasingizia mitihani, harusi, misiba. Miaka kumi na tisa mingine.

Siku ya kuagwa, Juni hii, mlinivika kanga, mkanipa jiko la gesi, mwalimu mkuu akasema sikuwahi kumwacha mtoto nyuma. Mliponiona nalia mkadhani ni furaha.

Mwezi uliopita nikaenda. Msimu wa korosho umeanza, kijiji kizima kiko mashambani, ila nyumba ya marehemu Mzee Mfaume nilielekezwa mara moja. "Kwa mwalimu Somoe?" waliniuliza. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikakuta kibarazani watoto kama thelathini wamekaa mkekani na mbao zao, wanaandika, na nyuma ya mtoto mmoja amepiga goti mwanamke mwembamba, ushungi mweupe umebanwa kwa pini, ameshika mkono wa mtoto wanaandika wote wawili.

Akanyanyua uso. Akanitambua kabla sijasema neno.

"Shikamoo, Mwalimu Zainabu."

Nikamwitikia marahaba. Akanipa kigoda, akaniletea maji, akawapa watoto ruhusa wakacheze. Nikamwambia, "Somoe, nimekuja kukuomba radhi. Nilikuchapa bure, nikamjibu baba yako vibaya. Nimekaa na jambo hili bila kuja, na kutokuja kwenyewe ni kosa la pili."

Akakunja upindo wa kanga yake. Kisha akasema, "Fimbo zilipoa siku ile ile, mwalimu. Maneno ndiyo hayakupoa. Kila nilipomwomba baba nirudi shule, alinambia, mwalimu wako kasema ukae chuoni. Hakunambia kwa ubaya. Alikuamini. Na mimi nilikuamini, nikajua kichwa changu hakishiki za shule."

"Kichwa chako hakikuwa na kasoro, mwanangu."

"Mbona hukunambia nilikosa nini? Mpaka leo sijui. Niliandika, watu wakacheka." Sauti yake ilipanda hapo, mara ya kwanza. "Mtoto wa miaka saba, mwalimu! Nilikaa naitazama baba na mama mchangani, naiandika, naifuta, sioni kosa."

Nililia mbele yake, mtu mzima na mvi zangu, na hakuninyamazisha. Alisubiri nimalize.

Kisha akaingia ndani akatoka na karatasi. Ilikuwa fomu ya kumwandikisha shule binti yake wa mwisho, anaanza Januari. Chini kulikuwa na mahali pa sahihi ya mzazi. "Watoto wangu wakubwa wote niliwawekea dole gumba," akasema. "Huyu wa mwisho sitaki. Siku zile ulikuwa unatuwekea nukta, na mimi kwenye nukta nilikuwa naweza. Niwekee nukta za jina langu nizifuatishe."

Nikachukua daftari la mwanawe mmoja. Nikaweka nukta, moja moja, kwa ile sugu ya kidole changu: Somoe. Nikampa kalamu. Nikashuka kwenye kigoda, nikapiga goti mkekani ubavuni pake, goti lenyewe sasa linalia kama mlango. Nikamtazama mkono.

Akaupeleka kulia. Akaweka ncha ya kalamu kwenye herufi ya mwisho, kwa utulivu uleule, akataka kuanza.

Nikamshika mkono. Nikausogeza taratibu mpaka kushoto, juu ya nukta ya kwanza. "Anzia hapa, mwanangu," nikamwambia. "Chuoni tunaanzia kule. Hapa tunaanzia huku."

Kalamu ikasimama. Akaitazama karatasi upande huu, akaitazama upande ule, kisha akanitazama mimi.

"Lilikuwa hilo tu, mwalimu?"

"Lilikuwa hilo tu."